Sentensi za kejeli kuhusu tabia za watu: mbona zangu zinageuka mahubiri?

Mchongoma

Wakuu, habari za jioni.

Naandaa ukurasa wa nyuma wa jarida la chama chetu cha ushirika, linatoka mara moja kwa mwezi. Nafasi niliyopewa ni ya sentensi kumi za kejeli, kila moja isimame peke yake, za kucheka tabia zetu: vikao, misiba, siasa, simu, majirani. Sitaki vichekesho vya "jamaa mmoja alikwenda baa". Nataka zile ambazo mtu akisoma anacheka kwa puani, kisha anamtupia jicho aliyekaa naye.

Ninazoandika zinatoka ama mahubiri ama matusi. Hizi tatu ndizo nafuu kuliko zote:

(1) Wanasiasa wote ni waongo, wanaahidi maji halafu hawaleti.

(2) Binadamu ni mnafiki: usoni anacheka, moyoni anakuchukia.

(3) Kamati ya harusi ni kikundi cha watu wanaokutana kila Jumapili kujadili michango huku wakila na kunywa, na mwisho wa siku fedha nyingi zinaishia kwenye vikao kabla hata harusi yenyewe haijafika, jambo ambalo linasikitisha.

Urefu uwe maneno mangapi? Methali naruhusiwa kuzipinda? Nitajuaje kwamba hii inachoma na hii imelala? Na kuna mtu kaniambia niangalie sheria, sijui niangalie nini hasa.

---

Kalamu ya Mwanzi

Mkuu, ya tatu ina mali ndani, imefukiwa tu. Tuichimbe.

Ina maneno 33. Anza kukata nyuma. "Jambo ambalo linasikitisha": hapo msomaji keshacheka au keshakosa kucheka, na wewe bado umesimama mlangoni unamwelekeza ajisikieje. Kata. "Mwisho wa siku" ni Kiingereza kilichovaa kanzu, kata. Kilichobaki ni taarifa kwamba vikao vinakula pesa. Hilo kila mtu analijua, na jambo linalojulikana halichekeshi kwa kutajwa. Huchekesha likitazamwa kutoka upande ambao hakuna aliyewahi kusimama.

Sasa jiulize kamati inafanya nini kwa mikono yake, kitu ambacho kamera ingekinasa. Inaandika bajeti, bajeti inazidi ahadi, inarudi kwenye orodha ya waalikwa na kalamu nyekundu. Na wanaoikata orodha hiyo ni wangapi? Hapo ndipo kichekesho kimelala:

*Kamati ya harusi: watu arobaini wanaokutana kila Jumapili kupunguza idadi ya wageni.*

Maneno 12. Angalia mambo mawili. Kwanza arobaini. Ukiandika "kumi na tano" ni kamati ya kawaida, hakuna kitu. Ukiandika "mia tatu" ni chuku, msomaji anajua unatania na analegea. Arobaini inaaminika kwa shida kidogo, na hapo pa shida kidogo ndipo unapotakiwa kukaa. Pili, neno "wageni" liko mwisho kabisa. Jaribu kuandika "watu arobaini wanaopunguza idadi ya wageni kila Jumapili". Imekufa. "Kila Jumapili" imekuja baada ya kicheko, kama mtu anayepiga makofi dua imeshakwisha.

Ya kwanza imeharibiwa na maneno mawili, "wote" na "waongo". "Wote" inampa kila msomaji nafasi ya kukumbuka mmoja asiye hivyo, na akishamkumbuka umempoteza. "Waongo" ni hukumu. Ukishatoa hukumu wewe, msomaji kazi yake imekwisha. Mwonyeshe kitendo, hukumu atatoa mwenyewe:

*Mgombea akishinda hubadilisha namba ya simu. Akishindwa hubadilisha chama.*

Kitenzi ni kilekile pande zote mbili, na tofauti ya kushinda na kushindwa ni sauti moja tu. Lugha imekupa bure, chukua.

Kuhusu urefu, maneno 8 hadi 15. Ikifika 20 uwe na sababu.

---

Mwalimu wa Ngeli

Nakubaliana na Kalamu isipokuwa hapo kwenye umbo la kamusi, neno kisha nukta mbili kisha maana. Linachosha upesi. Sentensi tatu za namna hiyo katika ukurasa wa sentensi kumi zinatosha. Ya nne msomaji keshajua mlango uko wapi. Aliyelitia fora umbo hilo ni Mmarekani Ambrose Bierce, na yeye alianza kuzitoa kwa mfululizo 1881 katika gazeti la kila wiki la The Wasp kule San Francisco, kwa vipande vidogovidogo. Alipozikusanya kuwa kitabu 1906, alikuwa amefika herufi L. Miaka 25, nusu ya alfabeti. Anayekuambia ataandika kumi kwa usiku mmoja anakudanganya au anaiba.

Sikio la Kiswahili lina umbo lake la asili kwa kazi hii, nalo ni *hu-*. Kiambishi hiki hakina nafsi wala hakina wakati. "Jirani alisoma barua yangu" ni umbea. "Jirani husoma barua" ni kejeli. Habari ileile, lakini ya pili haina mtu wala siku, kwa hiyo inamwenea kila mwenye jirani.

Tena *hu-* imeshabeba "mara nyingi" ndani yake. Mfaransa La Rochefoucauld, aliyechapisha misemo yake 1665 na kuendelea kuipiga msasa hadi toleo la tano la 1678, aliitia misemo mingi "mara nyingi" na "karibu daima" ili asibanwe. Sisi hatuna haja. Ukiandika "mara nyingi watu huwa wanapenda" umevaa makoti matatu Dar es Salaam. (Huyohuyo bwana, msemo wake mrefu kuliko yote, ule wa mtu kujipenda, aliuondoa baada ya toleo la kwanza. Mrefu ndio wa kwanza kutazamwa.)

Mtego wa *hu-* ni kwamba haikanushi. Ukitaka kusema hawafanyi, unalazimika kurudi kwenye *ha-*, nafsi inarejea, na sentensi inageuka lawama. Dawa yake ni kutafuta kitenzi cha kutenda kinachosema lilelile bila kukanusha. Mfano, unataka kusema kwamba kwenye kundi la WhatsApp la ukoo watu hujibu salamu ila hawajibu maombi ya pesa. Ukiandika hivyo ni malalamiko ya shangazi. Sasa hii:

*Kwenye kundi la ukoo, "Habari za asubuhi" hujibiwa na watu sitini. "Ada ya mtoto imepungua" husomwa na watu sitini.*

Hakuna "hawajibu" popote. Kazi yote imefanywa na *husomwa*, na idadi imeachwa ileile makusudi. Ukishuka kutoka sitini hadi wawili unapata huzuni. Sitini kwa sitini unapata zile alama mbili za buluu. Hii imevuka maneno 15 na ninaiacha, kwa sababu maneno yaliyorudiwa hayamlemei msomaji, anayapita kwa kasi.

Jambo jingine la ngeli. Kiswahili kinaweza kumtoa mtu kwenye ngeli ya watu bila kumtukana. "Kigogo" kwa maana ya mkubwa huchukua *a-*: kigogo amepita. Mrudishie *ki-* yake uone:

*Kigogo kikipita, barabara hufungwa. Kigogo kikianguka, hufungwa vilevile.*

Sentensi ya namna hii haitafsiriki, na mimi huona hiyo ni sifa.

Kwa wanaosoma fasihi, msije mkagombana bure kuhusu "tashtiti". Kuna vitabu vinavyoitumia kwa maana ya kejeli ya kukosoa jamii, na vingine kwa swali ambalo jibu lake tayari linajulikana. Mchongoma hana haja nayo, aendelee na "kejeli".

---

Doti ya Kanga

Mmeiacha ya pili, na ndiyo yenye ugonjwa mkubwa. "Moyoni anakuchukia". Nani ameuona moyo? Kejeli inafanya kazi na kinachoonekana machoni: mikono, midomo, viti, sahani, daftari la michango. Ukiingia moyoni umeshakuwa shehe au padri, na hao wana mimbari yao.

Unafiki upo, lakini uutafute mahali unapoacha alama. Msibani kwa mfano. Daftari linazunguka, macho yanazunguka zaidi ya daftari.

*Tunakwenda msibani kumzika mmoja na kuwahesabu wasiokuja.*

Hapa nimeiacha *hu-* kwa makusudi, nikaweka *tu-*. Mwalimu yuko sahihi kwa vikao na wagombea, ila kwenye msiba, ugonjwa na umaskini, mwandishi akijiweka nje anaonekana hana adabu. Akijiweka ndani anasamehewa. Wahome Mutahi aliandika safu yake ya Whispers magazetini Kenya tangu miaka ya 1980 hadi alipofariki 2003, na bwege mkuu wa safu hiyo alikuwa Whispers mwenyewe, huku mke wake akiitwa Thatcher. Msomaji anayemcheka mwandishi kwanza hukubali kujicheka baadaye. Katika kumi zako, mbili au tatu ziwe za *tu-*.

Sasa kuhusu kulenga. Tofautisha kijembe na kejeli. Kijembe kina anwani: kinatoka dirisha hili kwenda dirisha lile, na mtaa mzima unajua. Kejeli inalenga aina ya mtu. Chukua kanga kama kipimo. Ina pindo, ina mji, ina jina, na jina halizidi maneno machache kwa sababu nafasi ni ule mstari mmoja chini ya mji. Kiwandani hawajui nani atamvalia nani. "Mdhaniaye ndiye siye" ikishatoka dukani, elfu moja wanaivaa na kila mmoja ana mtu wake kichwani. Sentensi yako iwe hivyo, itoke kiwandani bila jina la mteja. Wakija watu watano kukulalamikia, kila mmoja akidhani ni yeye, umeandika kejeli. Akija mmoja tu, na wengine wakamcheka, umeandika kijembe, nacho kitakurudia.

Na usichanganye na mchongoano. Ule ni wa kushindana kwa chuku ana kwa ana, mwenye sauti na kasi ndiye mshindi. Ukiuweka kwenye karatasi unabaki kelele.

---

Fundi Methali

Methali: pinda mkia, kichwa usikiguse. Msomaji lazima aitambue kabla hujaivunja, na aimalize kichwani mwake nusu sekunde kabla yako. Ndiyo maana methali ya watu wachache haifai, hata kama ni nzuri.

*Haba na haba hujaza kibaba cha mweka hazina.*

*Asiyesikia la mkuu huhamishwa kituo.*

Ya kwanza haikubadilisha kitu, imeongeza maneno matatu tu mkiani. Hizo ndizo bora. Ya pili imebadilisha kitenzi, na "huhamishwa kituo" inafanya kazi kwa kuwa kila mtumishi wa umma anaijua barua hiyo. Kinachoharibu ni kupinda pande zote mbili. Hapo methali haitambuliki na umebaki na sentensi ya ajabu. Epuka "Haraka haraka haina baraka", ilishamalizwa na vibandiko vya daladala. Na weka moja tu kwa ukurasa. Mbili zikikaa karibu, ya pili inaonekana ni mtindo wa kujaza nafasi.

---

Wakili wa Kijiwe

Kwanza nimrekebishe Fundi, kwa sababu jarida ni la chama cha ushirika. Chama kina mweka hazina mmoja. Hiyo ya kibaba, ambayo kwenye gazeti la taifa haimgusi mtu, hapo kwenu ni kidole. Katika kesi za kashfa jina si lazima litajwe. Inatosha wasomaji wa eneo hilo wamtambue mhusika. Ukubwa wa hadhira ndio unaoamua kama cheo ni aina ya mtu au ni mtu. Mwenyekiti, katibu, meneja: kwenye jarida la watu mia tatu hao wote wana sura. Andika "kibaba cha mwingine". Inapoteza kidogo, unalala salama.

Kwa upande wa sheria zenyewe, Tanzania tazama Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16 kinachohusu kuchapisha taarifa za uongo. Kinakuhusu pale tu jarida likipigwa picha na kusambazwa, na litapigwa. Kwa hiyo kejeli isivae sura ya habari: usiandike "Serikali yatangaza", usiweke tarehe, usiweke kiasi cha fedha kinachoonekana cha kweli. Ikikatwa peke yake na kuzunguka kwenye simu bila ukurasa wake, bado ionekane ni mzaha. Kenya, Mahakama Kuu ilifuta kashfa kama kosa la jinai 2017, lakini madai ya fidia yako palepale, na kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018.

Kabila, dini na ulemavu usiguse. Sheria ipo, lakini hata bila sheria hazina kejeli ndani yake, maana mtu hakuvichagua. Kejeli inahitaji jambo ambalo mtu angeweza kuliacha na hakuliacha.

---

Kalamu ya Mwanzi

Hiyo ya mwisho nitaiiba.

Nimalizie swali la kupima, maana hakuna aliyeligusa. Ili upate kumi andika arobaini. Usizisahihishe siku hiyo, zifunge wiki nzima. Ukizirudia, nusu utaona zilikuwa hasira zako za siku ile, zitupe bila huruma. Zilizobaki zisome kwa sauti, kwa sababu msomaji wa Kiswahili husikia kwa ndani. Sentensi inayokukwaza ulimi itamkwaza na yeye jicho. Kisha msomee mtu mmoja ambaye hukumwambia kwamba ni kejeli. Akikuuliza "kwa hiyo?", imekufa. Akicheka tu, ni nzuri. Akitaja jina la mtu anayemjua yeye na wewe humjui, hiyo iweke mfukoni, ndiyo yenyewe.

Usimpime mkeo au mumeo. Huyo ameshazisikia zote kwenye mazungumzo.

Mpangilio nao una kazi yake. Iliyo ya pili kwa ubora ianze, iliyo bora kabisa ifunge, dhaifu ziende nafasi ya sita na ya saba ambako jicho linapita haraka. Mada moja zisikae jirani. Umbo moja pia, kama alivyosema Mwalimu, na hapo nimekubali kushindwa kuhusu nukta mbili, ingawa ile ya kamati siibadilishi. Na usiweke alama ya mshangao popote, wala vile vicheko vya "hahaha". Ni sawa na kumtekenya mtu uliyemsimulia kichekesho.

Kitu kingine kinachoziua ni bei na majina ya wakati huu. "Bei ya sukari" itaishi. Bei yenyewe kwa shilingi itazeeka kabla jarida halijatoka kwa mpiga chapa.

---

Mchongoma

Nashukuruni wakuu, Mwalimu na Doti hasa. Ya kamati, ya mgombea na ya msiba naomba ruhusa nizitumie. Nimekaa na hizi mbili mpya, zipigeni:

(a) Sadaka hutolewa kwa siri, na siri hiyo hupigwa picha.

(b) Kikao cha saa nne huanza saa sita, na ajenda ya kwanza ni kutunza muda, kitu ambacho hakuna anayekifuata.

---

Doti ya Kanga

(a) usiiguse. "Siri hiyo" ndiyo inayobeba. Ukiweka "sadaka hiyo" inakuwa habari ya kawaida. Ila isiwe ya kwanza wala ya mwisho, mada yake imeandikwa sana.

---

Mwalimu wa Ngeli

(b) ishie kwenye "muda". Mengine yote hapo ni mwenyekiti anafunga kikao.